Mkono Uliobaki Chini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau hata nilipotaka. Nimesikia kesho unaanza kazi ya kufunga kreni, ndiyo maana nimekuita. Weka simu chini. Nitasema mara moja tu, maana habari hii inanichosha.

Tulikuwa vijana wa Nyamwaga, mimi na Marwa na wenzetu tuliotahiriwa msimu mmoja. Unajua sisi Wakurya tulivyo. Siku ya kisu hukupepesa jicho, na baada ya hapo unaishi ukiwaonyesha watu wa rika lako kwamba bado hupepesi. Nje ya mji wa Tarime kilikuwa kinajengwa kiwanda cha kusaga mahindi, nasi tukaajiriwa kusimamisha kreni yake ndefu, kipande juu ya kipande. Msimamizi wetu, Mzee Haule, alikuwa mtu wa Songea aliyekuja huku kufuata dhahabu, akaikosa, akaishia kwenye vyuma. Alikuwa na sheria moja: anayeona hatari anyooshe mkono, na mkono ukinyooshwa, hata wa mpika uji, kila kitu kinasimama.

Siku hiyo mpiga ishara nilikuwa mimi. Boriti ya juu ilikuwa inaanza kunyanyuliwa nilipoona vumbi linainuka barabarani. Nikanyoosha mkono, kazi ikasimama. Tukasubiri upepo, haukuja. Lilikuwa vumbi la ng'ombe wanaopelekwa mnadani.

Nilichekwa mpaka jioni. Waliniuliza kama nilitahiriwa kweli au nilisingiziwa. Mmoja aliniambia nikachunge mbuzi na watoto. Marwa naye alicheka, ila kidogo, kwa kuwa alinipenda. Mzee Haule peke yake alinishika bega akasema nimefanya kazi yangu, nami nikamchukia kwa kunisifu mbele ya watu.

Kesho yake zamu ya ishara ikawa ya Marwa. Boriti ikapanda. Ilipofika katikati, upepo wa kweli ukaja ukaizungusha, na sisi tulioshika kamba za kuiongoza tukaanza kuburutwa. Marwa alikuwa ametazama kule upepo unakotokea. Nilimwona kwa macho yangu. Mkono wake ulibaki chini. Alipoona tunazidiwa alikuja mbio kutusaidia kamba, na boriti ikarudi ikambana kwenye nguzo ya kreni.

Ndani ya gari la kumpeleka hospitali nilimlaza kichwa mapajani mwangu.

"Mura," akaniambia, kama tunavyoitana vijana wa Kikurya, "upepo niliuona."

"Sasa mbona hukunyoosha?"

"Wangenicheka kama wewe."

Tulipofika alikuwa ameshakufa.

Msibani wenzetu wa rika walisema amekufa kiume. Mzee Haule akasimama akawaambia, "Mlimcheka huyu aliyesimamisha kazi bure, na Marwa alikuwepo anasikia. Nyie ndio mliomfundisha kunyamaza." Vijana wakainuka wamtoe nje. Mama yake Marwa, aliyekuwa amekaa chini, akasema, "Mwacheni aseme." Wakakaa.

Mwanangu, siwezi kukuambia usiogope kuchekwa. Kila mtu anaogopa, na sisi wa huku tunaogopa kuliko wengine, ingawa hatukubali. Nakuambia hivi: mwenzako akisimamisha kazi na hatari isitokee, usimcheke. Mshukuru, tena kwa sauti, wote wasikie. Anayesikiliza pembeni ndiye utakayemwokoa. Na siku ukiona wewe, nyoosha mkono, wacheke mpaka wachoke. Utarudi nyumbani umenuna, lakini utarudi.

Mungu akutangulie. Akulindie viungo vyako, na wenzako wote awafikishe kwa mama zao wakiwa wazima. Kesho kabla ya kupanda gari, pita kwa mama yake Marwa umpe shikamoo. Akikuuliza unakwenda kufanya kazi gani, mwambie ni ya ujenzi tu.