Manowari ya Nusu Hadithi

Tangu afike Ubelgiji kutoka Buyenzi, Bujumbura, Kadiri amebeba makabati ya Wabelgiji waliokufa, na mgongo wake umezikariri ngazi zote za mtaa wa Etterbeek. Huondoa vyombo katika nyumba za marehemu, huchagua cha maana, hukitandaza juu ya turubai kwenye soko la vitu vya zamani.

Sasa amechoka, hata kuinama kufunga kiatu huanza na mashauri. Mkewe Aziza, mwenye duka la vitenge kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, amemwekea kiti humo tangu zamani, apumzike. Kadiri alimjibu kwa ahadi: "Siku manowari itauzwa, naacha."

Manowari hiyo ni sanamu ya mbao, urefu wa mkono, milingoti mitatu. Mjane aliyemwachia alimsimulia maisha ya meli yenyewe: ilivyochongwa kwa mwaloni, ikapigana, ikatekwa, ikavishwa bendera ya adui, mizinga yake ikageuziwa walioijenga, hadi mwisho wake. Kadiri humsimulia kila mteja, ila hukomea vitani. Ushindi unauzika; uozo hauuziki. Kisha hutaja bei ya kufukuza watu. Aziza anajua. "We Kadiri, ile bei si ya kuuza. Ni ya kukimbia kiti changu."

Asubuhi moja ya mvua akaja Antoinette, mama wa Lubumbashi anayetunza wazee katika makao yao huko Evere. Ndiye alikuwa mteja wa kwanza, na Kadiri, tangu soko la kwao, hamwachi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Biashara ya siku nzima ingekufa. Akaona macho ya mama yameganda kwenye milingoti. Hatari.

"Papa, kisha vita, ilifanya nini?"

Kadiri akaamua kumkata hamu, labda atachukua kikombe tu. "Ilioza, maman. Walikata milingoti, wakaifunga bandarini, wakaigeuza bweni la mabaharia. Miaka na miaka haikusogea. Mwisho, kuni."

"Na watu walikuwa wanalala ndani?"

"Mpaka mwisho."

"Alors, njo hii nataka. Wazee wangu wanasema maisha yao iliisha siku waliingia maison de repos. Nitawaambia hii yote. Donc usinipatie bei ya watalii, papa. Niko mutoto yako."

"Mutoto gani ana mvi?"

Antoinette akacheka, hakuondoka. Kadiri akashusha bei, akashusha tena, mpaka manowari ikaingia kwenye mfuko wa sokoni wa mama, milingoti ikichungulia nje.

Mchana Kadiri aliingia dukani akichuruzika maji. Aziza akaitazama mikono yake mitupu.

"Iko wapi?"

"Imeenda Evere."

Aziza hakushangilia. Alikivuta kiti kutoka nyuma ya marobota. Kadiri akakikagua kama kabati la marehemu.

"Huko nyuma sikai. Kiweke dirishani, na bei za vitenge naongea mimi."

"Dirishani, sawa. Bei, hapana."

"Za jumla tu."

"Kaa kwanza."

Akakaa.