Darasa Langu Halikusimama

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1990, katika shule ya msingi kule Gatsata, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki, rejista na onyo: darasa lisilosikika hadi barabarani ni darasa lisilofundishwa. Zama zetu tulifundisha kwa kuitikiza. Mwalimu anatamka, watoto wote wanarudia kwa kelele. Mimi nilikataa. Nikishauliza swali la hesabu nilinyanyua chaki, na hakuna kujibu mpaka niiweke mezani. Kimya hicho kiliwafikirisha hata wale wazito. Wenzangu walinicheka weee, eti Madamu anasinzia.

Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi na fomu yake. Alitaka idadi ya watoto kwa makabila, na desturi ilikuwa kuwasimamisha: Watutsi kwanza, kisha Wahutu. Nilikwishaliona hilo katika darasa la jirani. Binti mmoja alisimamishwa, na tangu siku hiyo hakunyoosha tena mkono. Kwangu kulikuwa na Odeta, kinara wa hesabu. Mkaguzi alipofungua fomu, nilimwona Odeta anafunga daftari lake taratibu. Nilipandwa na hasira.

"Watutsi, simameni," akasema mkaguzi.

Nikanyanyua chaki. Darasa zima kimya, macho kwenye mkono wangu. Akarudia. Hakunyanyuka mtu. Bega liliniuma, lakini mkono sikuushusha.

"Madamu, hawa watoto ni viziwi?"

"Hapana, Bwana Mkaguzi. Wanafikiri."

"Basi nitajie wewe."

Nami nikanyamaza. Alisubiri, akakunja fomu, akaondoka.

Wiki hiyohiyo nilihamishiwa Kabuga, nikashushwa hadi darasa la kwanza. Mkuu wa shule alinisindikiza mpaka getini akiniambia ningetaja tu, kwani namba haimuui mtu. Mwaka 1994 sote tuliona namba zile zilifanya kazi gani.

Sasa nimestaafu, nakaa Kagarama. Walimu vijana huniambia kimya changu hakikusaidia kitu, kwa sababu fomu ilijazwa baadaye kwa kuwauliza majirani. Ni kweli, ilijazwa. Odeta sikumwona tena, na hilo linanichoma mpaka leo. Lakini asije mtu kuniambia nilipoteza muda. Asubuhi ile, mbele ya wenzake, Odeta alibaki ameketi kwenye dawati lake kama mtoto mwingine yeyote. Ningerudishwa kesho, ningenyamaza tena.