Deki Iliyosoma Diski Moja

Waandishi wenzangu wakisikia kwamba niliwahi kununua deki ya kuchezea diski, ya bei mbaya, huniuliza kama inastahili pesa yake. Siku hizi filamu zinatoka kwenye simu, wanasema, nani bado anaweka diski? Mimi huwajibu nusu tu. Nawaambia picha yake ni safi sana. Nusu nyingine ndiyo hii.

Baba anaishi katika nyumba ileile ya kanjo, ya baraza la jiji, tulimolelewa, huku Eastlands, vyumba viwili na ua mdogo wenye kamba ya nguo. Alifanya kazi katika karakana ya reli mpaka akastaafu. Mama alifariki miaka sita iliyopita, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye diski ya harusi ya dada yangu. Mpiga video alikuwa ametupatia diski tatu. Ya dada ilivunjika alipohama. Ya pili iliazimwa na shangazi huko magharibi ikapotea, ikipita nyumba hadi nyumba. Kibanda cha mpiga video mjini kilifungwa kitambo. Ikabaki ya baba, imechubuka kama goti la mtoto.

Kila Jumapili, baada ya kanisa na chakula, baba aliiweka. Hakutazama harusi yote. Aliruka maandamano, akaruka keki na wajomba wanaopungia kamera mkono, mpaka pale mama anapopewa maikrofoni. Mama anakaza kilemba chake, anamshukuru Mungu, kisha anamgeukia baba na kusema jambo kuhusu kimya chake. Watu wanacheka. Na baba, kwenye kochi letu, humjibu: "Nitaongea saa ngapi, na maikrofoni umeishika wewe?" Jibu lilikuwa lilelile kila Jumapili, na kila Jumapili alilicheka kana kwamba limemjia sasa hivi. Mimi nilikuwa nikilisikia kutoka uani, mikono yangu imo ndani ya maji ya vyombo.

Deki yenyewe ilikuwa kitu chepesi cheusi, cha bei ya chini kabisa mjini. Trei yake ilifunguliwa kwa kisu cha siagi. Juu yake mama alikuwa ametandaza kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe, chenye maua pembeni. Kila diski niliyoleta ilikataa. Niliweka filamu mpya, nikaweka za zamani, nikaweka hata nyimbo za kwaya. Zote ilizitema.

"Baba, hii imekufa."

"Haijakufa, mama," alinijibu. Huniita mama tangu nikiwa mdogo. "Inachagua."

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Kitabu changu cha kwanza kilipopata tuzo, mwenzetu mmoja alitualika kwake. Alikuwa ametenga chumba kizima kwa ajili ya filamu, pazia zito, spika pande zote, na katikati deki ya chuma iliyong'aa. Niliona uso wa mwanamke ukijaa ukuta, niliona mpaka vinyweleo vya shavu lake. Sikumfikiria mwanamke yule. Nilimfikiria mama akikaza kilemba. Nilijiambia: kama deki mbovu inamleta karibu hivi, hii itamleta mpaka kochini.

Basi pesa ya tuzo ikaenda huko. Deki hiyo peke yake ilizidi thamani ya kila kitu kilichokuwa sebuleni kwa baba, friji ikiwemo. Niliifikisha Jumamosi asubuhi. Baba akaipima kwa mikono miwili.

"Nzito. Wametia nini ndani, reli?"

Nikaweka filamu niliyokuja nayo. Mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati, mle mle sebuleni, na mara tukasikia jirani akikimbia uani. Alikuwa akianua nguo zake. Alipochungulia mlangoni amekumbatia mashuka, akaona jua limewaka nyuma yake, alitazama juu, akatutazama sisi.

"Mzee, mvua ya nyumba yako imenifanya mjinga!"

Tulicheka mpaka baba akavua miwani. Siwezi kudanganya: dakika ile deki ilistahili kila senti.

Mchana baba alikwenda kwa kinyozi. Hapo ndipo akapita yule wa mkokoteni anayebadilisha vitu vibovu kwa vyombo vya plastiki. "Beseni kwa nguo kuukuu! Redio mbovu! Pasi mbovu!" Nilitoa kitambaa cha mama, nikakikunja ndani ya droo kwa sababu kijitabu cha maelezo kilisema deki mpya isifunikwe. Nikampelekea ile ya zamani.

"Sasa siz," akanisalimu kama dada yake. "Hii inasoma?"

"Haisomi chochote, labda diski moja tu."

Akanipa beseni la kijani. Nikaona nimempiga bao.

Baba aliporudi alitazama mezani, akatazama chini ya meza. "Ile ingine iko wapi?" Nikamwonyesha beseni. Alilishika ukingo, akaligeuza juu chini. "Sawa," akasema.

Jumapili tukaweka diski ya harusi. Deki mpya iliimeza bila kelele, ikafikiri, kisha ikaandika kwamba hakuna diski. Baba akaifuta kwa pindo la shati, akarudisha. Hakuna diski. Niliichomeka tena na tena, mpaka baba akanishika mkono.

Ndipo akanieleza. Mwaka aliofariki mama, diski iligoma. Baba akafungua deki, akaona kiskrubu kidogo kando ya lenzi, akakizungusha kiasi cha unywele. Ikagoma. Kesho yake akazungusha unywele mwingine. Alikwenda hivyo karibu miezi mitatu, kama alivyokuwa akirekebisha mashine za karakana, mpaka siku moja mama akasimama na maikrofoni. "Ilipoikubali hii ikakataa zote zingine. Nikaiacha papo hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukiosha vyombo."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumatatu nilikwenda Kariobangi, kunakouzwa vifaa vikuukuu, nikauliza kibanda kwa kibanda mpaka nikaufikia ua ambapo wale wa mikokoteni hushusha mizigo. Fundi wa hapo alikuwa kijana mwenye bisibisi sikioni. "Deki nyeusi? Siz, hapa ziko kama mchanga." Niliitambua kwa mikwaruzo ya kisu cha siagi. Lilikuwa ganda tupu. Lenzi ilikuwa imeng'olewa, na sehemu nyingine zilikuwa zimeuzwa asubuhi ile. Fundi alinionea huruma, akaijaribu diski kwenye mashine nne na kompyuta. Moja ikatuonyesha keki, kisu hewani, halafu ikaganda.

"Imechoka hii," akasema. "Mashine yenu ilikuwa inaibembeleza tu."

Nilinunua deki nyingine ya bei rahisi, ya aina ileile. Baba ameifungua. Kila jioni huinamia kiskrubu, lakini macho si yale, na mkono wake sasa unatetemeka zaidi ya unywele. Ile ya bei mbaya bado iko mezani. Baba amekitoa kitambaa cha mama kwenye droo na kuifunika nacho. Sikuthubutu kumwambia isifunikwe.

Jumapili iliyopita niliacha vyombo kwenye beseni la kijani, nikaketi kando yake kochini. Runinga ilikuwa imezimwa. Mimi naishi kwa kutunga maneno ya watu, nikaona naweza kumsaidia. Nikakaza kilemba ambacho sikuwa nimevaa, nikamgeukia.

"Na huyu mzee, mbona amenyamaza kama mgeni?"

Baba alitabasamu, kisha akatikisa kichwa. "Hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

Akafungua mdomo. Akafikiri. Uani jirani alikuwa akianika nguo, tukasikia vibanio vikibana kamba, kimoja baada ya kingine.

"Nilikuwa nayo, maneno yake," akasema. "Juzi tu nilikuwa nayo."

Jibu lake la maikrofoni nilikuwa nalijua kwa moyo, lakini hakulitoa, maana yule aliyekuwa akijibiwa hakuwepo tena.