Kilima cha Baba

Ilianza Jumamosi saa tisa alasiri, Baba alipofumba jicho moja na kunyoosha brashi kuelekea kilimani. Ndivyo anavyopima: jabali lile ni nusu ya brashi, mti ule ni kama ukucha. Siku za kazi huandika mabango ya maduka Tarime mjini. Mwisho wa wiki huchora kilima hicho kimoja, nyuma ya malisho yetu Nyanungu, tangu mimi sijazaliwa. Mimi hubeba maji na makopo ya rangi. Nimechoka, sidanganyi. Niko kidato cha tatu, na Jumatatu huingia darasani mabega yananiuma kama nimetwanga.

Tangu dhahabu ionekane bondeni, wachimbaji wamejaa. Watatu walikuja kusimama nyuma yetu. Nikainamisha uso.

"Shikamoo mzee. Huu mlima umeuposa? Ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Bado tunajadiliana," Baba akasema.

Wakacheka, ila mmoja alikuwa anafuata ncha ya brashi kwa macho. "Mura, kijana mwenzangu, mtu hatazami mawe miaka yote hii bure. Huyu anapima mwamba wa dhahabu."

"Napima kivuli."

"Kivuli! Tugawie basi hicho kivuli, mzee."

Wakapanda, wakapiga kigingi pale pale brashi ilipoelekea. Baba akahamisha kigoda, akaanza kuchora upande mwingine. Nao wakahama, na wenzao wakawafuata. Jua lilipoinama, kilima kilikuwa kimechubuka pande mbili.

"Kila ninapotazama wanachimba," Baba aliniambia tukirudi. "Basi. Sitakitazama tena."

Nyumbani alikaa na viatu miguuni, ugali ukapoa mbele yake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Asubuhi nilichukua kigoda na brashi, nikaenda peke yangu. Mimi nikiitwa ubaoni tu, hujificha nyuma ya daftari. Wachimbaji walikuwa wameshafika. Nikakipa kilima mgongo, nikaelekea kipande chetu cha shamba chenye mawe, ambako hata mtama hugoma kuota. Nikafumba jicho, nikanyoosha brashi, nikapima. Nikapima tena.

"Kumbe binti ndiye anajua!" mtu akasema juu kule. "Mzee alikuwa anatuzuga."

Wakaanza kunipita na sururu zao mabegani, mmoja mmoja. Mkono uliniuma, lakini sikuushusha mpaka wa mwisho aliposhuka kilimani.