Nilivyokwenda Kumfumania Mume Wangu Hewani

Mnicheke nikishamaliza, si kabla, kwa sababu kule machimboni walinicheka hadi wakanibandika jina, Mama Hewani, na jina hilo limenifuata mpaka huku nyumbani Mhunze.

Mume wangu, Baba Kulwa, anachimba dhahabu upande wa Bulyanhulu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, mimi nimebaki na watoto, mbuzi na simu. Mbuzi hawasemi (watoto wanasema, lakini wanataka sukari tu), kwa hiyo kila jioni nikishapakua nafungua simu, naona chini ya jina lake pameandikwa yupo hewani, basi moyo unatulia, najiambia mume wangu mzima, shimo halijamfukia, yuko nami. Ikaja wiki moja yupo hewani lakini nikiandika hajibu, nikipiga inaita mpaka inakata. Wivu ukanipanda. Badala ya kumuuliza shemeji wanayechimba naye, nikaona niende mwenyewe kimya kimya, watoto nikamwachia mama mkwe, nikamdanganya nakwenda kliniki, nikapanda basi mpaka Kahama, kisha pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope.

Kwenye kibanda cha kuchajia simu naiona simu ya mume wangu, naijua kwa ule ufa wa kioo, iko mkononi mwa mwanamke, kaiinamia anabonyeza. Sikusalimia. Nikampokonya, nikapaza sauti kwamba huyu ni mwizi wa waume za watu, wachimbaji wakaacha ugali wao wakaja kutazama, wengine wakirekodi (video ilimfikia mama mkwe kabla sijarudi).

"Mayu, kaa kwanza," akasema yule mwanamke, akiniita mama kwa Kisukuma, na hapo ndipo nikaona mvi zake, mama wa kunizaa kabisa. "Wakishuka shimoni simu wanatuachia sisi, huko chini mtandao haufiki, na wanaweza kukaa hata wiki nzima. Mumeo aliniomba niwe naifungua jioni, mkewe akimwona yupo hewani asilale na hofu. Akanikataza kuandika wala kupokea. Ningepokea kwa sauti hii, ungesema nini?"

Watu wakacheka. Baba Kulwa alipotolewa shimoni, tope mpaka masikioni, alikuwa ameshaambiwa. Akaniuliza tu, "Mama Kulwa, watoto umemwachia nani?"

Nililia, wakadhani ni aibu. Aibu ilikuwepo, lakini mimi nililia zile jioni zangu zote, nilizodhani nimekaa na mume wangu, kumbe nilikaa na mama wa kuchaji.

Nimeapa sipandi tena basi kwenda kugombana na alama ya simu. Mume wangu bado anashuka, na yule mama bado anafungua, nilimwomba mwenyewe asiache. Nikiona yupo hewani naandika, "Shikamoo mama." Inakaa kidogo, halafu jibu linakuja, "Marahaba mwanangu. Bado hajapanda."