Miwani ya Wageni na Tundu la Sindano

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kumtilia mama uzi sindanoni. Nilianza kwa kucheza, nikiwa mdogo wa kukaa chini ya meza ya cherehani na kuchezea vipande vya vitambaa. Nilipomaliza darasa la saba haukuwa mchezo tena. Mama aliisogeza sindano mbali, akaileta karibu, akalamba ncha ya uzi, akakosa, akalamba tena, kisha akaniita kwa sauti ile anayoitia kuku. Nilikuja popote nilipokuwa. Hata kama nilikuwa ninaota, na mimi niliota sana, mchana kweupe, ndoo kichwani.

Tulikaa juu ya mawe upande wa nyuma wa Buzuruga. Miaka ile soko huria lilikuwa limeingia Mwanza kwa miguu yote miwili. Pale stendi marobota ya mitumba yalifunguliwa kila asubuhi, na watu waliozoea kumletea mama kitambaa cha gauni sasa walimletea suruali za watu warefu kupita kiasi ili azikate miguu. Kilichotulisha hasa ni sare za shule. Mwaka huo mama alishona mfuko wa shati la mtoto, mdomo wa mfuko ukaangalia chini. Mzazi wa kwanza alicheka: "Mama, mwanangu atasoma akining'inia kama popo?" Wa pili alipoona mikono miwili ya shati haijafanana, hakucheka. Alikusanya vitambaa vyake akaondoka.

Habari hizo hutembea. Haukupita muda akaja kijana mmoja fundi cherehani wa stendi, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, akasikiliza kama daktari, akasema atarudi Jumamosi kusikia kama mama anaiuza. Alipoondoka mama aliipaka cherehani mafuta, akaifuta kila pembe taratibu, kama unavyomwogesha mtoto anayekwenda kulelewa kwa watu. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuni.

Wiki hiyohiyo ndipo walipofika wageni wa kanisa.

Walikuwa wanane, kutoka Marekani, wamekuja kwa siku kumi kufanya kazi ya kujitolea. Wapo waliopaka rangi darasa la watoto la Jumapili, na wapo waliofundisha watoto nyimbo za kupiga makofi. Mimi niliwekwa kwa akina mama wa jikoni, kuosha vyombo na kutandika mikeka. Kwa ndoto zangu, kabla hawajateremsha mabegi nilikuwa nimekwisha panda ndege yao mara tatu na kurudi na zawadi za mtaa mzima.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja mwembamba, pua imeungua na jua, ambaye tulimwita Babu wa Miwani. Hakuwa daktari. Alituambia mwenyewe kwamba alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu, na kwamba watu wa kanisa lake walikusanya miwani iliyokuwa imelala kwenye madroo yao, wakajaza sanduku zima, naye akafundishwa namna ya kuipima na kuipanga. Alijifunza neno moja la Kisukuma: "Mwangaluka!" Hiyo ni salamu ya asubuhi. Yeye aliitoa hata saa kumi na moja jioni, akiinua kofia, nasi tukaitikia kwa furaha, maana mgeni hasahihishwi.

Siku ya miwani ilikuwa Jumatano. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka jiwe kubwa ikafika kwenye choo. Babu alikaa nyuma ya meza, pembeni yake kijana wa chuo cha ualimu Butimba akitafsiri. Kipimo kilikuwa karatasi ngumu yenye maandishi ya Kiswahili, makubwa juu, madogo chini. Unavaa miwani, unashika karatasi, unasoma. Ukisoma mpaka chini, miwani ni yako.

Kilichoandikwa kwenye karatasi ile kilikuwa Sala ya Bwana.

Jamani! Kanisani kwetu hata mtoto anayenyonya angeisoma karatasi ile. Wa kwanza alikuwa jirani yetu, muuza dagaa, mwanamke wa maneno mengi. Alivaa, akaitazama karatasi mara moja tu kwa adabu, akaitiririsha sala yote bila kuvuta pumzi. Alipofika "Amina," foleni nzima mpaka chooni ikaitikia "Amina!" Babu akapiga makofi. Akamwambia kijana amuulize kama anaona vizuri.

"Mwambie naona mpaka kwao," jirani akasema.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Hakuna aliyeshindwa. Ilipofika zamu ya mama nilisogea na ndoo yangu ili nione. Mama alivaa miwani yenye fremu ya kahawia, akashika karatasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akafumba macho, kama tulivyofundishwa tangu utoto kuwa sala husemwa. Akaisema yote, polepole, kwa moyo. Babu hakuona macho yaliyofumbwa. Na kama aliyaona, nadhani alidhani mama ameguswa.

"Mama, unaona vizuri?" kijana akamuuliza.

Mama akafumbua macho, akamtazama yule mzee aliyevuka bahari na sanduku la miwani. "Naona vizuri sana, baba. Mungu akubariki."

Nilimjua mama. Hiyo ilikuwa sauti ya kula chakula kisicho na chumvi nyumbani kwa watu.

Njiani kurudi nyumbani alitembea kama mtu anayevuka mto. Kwenye kizingiti chetu, kilicho chini kuliko sahani, alinyanyua mguu juu kabisa.

"Mama, vua basi."

"Nitavuaje, na wageni hupita hapa? Watasema tumeitupa zawadi yao."

"Lakini huoni."

"Naona. Ila kila kitu kimekwenda mbali kidogo."

Alikaa kwenye cherehani na miwani yake. Sindano ilikuwa imekwenda mbali pia. Aliniita, nikatia uzi, akashona mkono wa shati, na alipotaka kuugeuza ukagoma, maana alikuwa ameushona ukafungwa kote kama mfuko wa mtama. Akauweka mapajani. Zilikuwa zimebaki Alhamisi na Ijumaa tu kufika Jumamosi. Nikasema natoka kwenda kuomba chumvi.

Jirani yetu alikuwa nje anachambua dagaa, miwani mipya puani.

"Shikamoo mama. Miwani yako inaonaje?"

"Marahaba. Funga mlango nikwambie." Hakukuwa na mlango, tulikuwa uani. Akashusha sauti. "Mwanangu, na hii miwani nawaona dagaa wakubwa kama sangara. Nilipoinua kichwa, ziwa likawa moshi mtupu. Nimemsalimu mbuzi wa mchungaji nikidhani ni mchungaji."

"Na umekaa nayo tangu asubuhi?"

"Sasa nifanyeje? Yule mzee wa watu amefurahi vile! Mume wa yule mama mlokole wa mtaani kwetu naye yake inampa kizunguzungu, amelala. Mlinzi wa kanisa ndiyo kabisa, anasema kila akitazama getini anaona ukungu. Lakini tumekubaliana tunyamaze mpaka waondoke. Siku kumi si nyingi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipomaliza kucheka nikalia, vyote kwa pumzi moja. Nikamwambia habari ya cherehani. Jirani aliacha dagaa. "Basi hapo," akasema, "adabu imekuwa ghali."

Usiku nilipanga hotuba ya Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, kina maneno ya wanyama na ya darasani, hakina neno la kumwambia mtu mwema kwamba wema wake umekosea njia bila kumuumiza. Asubuhi ya Alhamisi niliiacha hotuba nyumbani, nikachukua sindano, uzi mweusi na sahani ya mchele usiochambuliwa, nikaenda kanisani.

Babu alikuwa ameketi kwenye jiwe anakunywa chai.

"Mwangaluka!" akasema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa asubuhi kweli.

"Shikamoo, Babu."

Nikampa sindano na uzi. Alidhani namwomba msaada, akavaa miwani yake mwenyewe iliyoning'inia kifuani, akatia uzi kwa jaribio la pili, akanirudishia akitabasamu. Nikauchomoa uzi. Nikamvua miwani yake taratibu, kwa adabu, maana yeye ni sawa na babu yangu, nikamrudishia sindano. Akajaribu. Akakosa. Akaileta karibu, akaipeleka mbali, akalamba uzi, akakosa. Nikamwonyesha mchele, nikachukua chuya moja na jiwe moja nikaviweka kiganjani mwake. Kisha nikaunganisha mikono, nikafumba macho, nikasema mwanzo wa Sala ya Bwana haraka haraka.

Nilipofumbua macho alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Niliogopa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Aliposhusha mikono nikaona alikuwa anacheka, ila macho yana maji.

Akamwita kijana wa Butimba, wakaongea. Kijana akanigeukia. "Anasema walikaa mkutano mzima huko kwao kuchagua maneno ya karatasi ile. Yeye ndiye aliyesema iwekwe sala, ili mtu asiyesoma vizuri asije akaaibika mbele ya wenzake."

Nilitamani nimkumbatie. Yeye alikuwa ametufichia aibu, nasi tulikuwa tumemfichia aibu, na katikati hapo hakuna mtu aliyekuwa akiona.

"Anauliza itakuwaje sasa," kijana akaendelea. "Miwani nyingi ya kushonea imekwisha gawiwa. Sandukuni iliyobaki ni ya jua na ya watoto."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Zawadi hairudishwi. Kwetu ukimrudishia mtu alichokupa, umemwambia undugu basi. Nani angetangulia kusimama mbele ya wageni na kuvua miwani?

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kila kitu, hata sehemu ya mchele. Nilitegemea atanigombeza kwa kumpeleka mgeni sindano. Alitazama cherehani, akajifunga khanga.

Mchana Babu aliwaita watu kwenye ua wa kanisa, na karibu wote walikuja na miwani usoni, kwa heshima. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama, na watu walizoea kumsikia akisoma neno bila kukwama, wala hawakujua kwamba siku hizi alilisema kwa kichwa. Alikwenda mpaka mbele ya meza. Akavua ile miwani ya kahawia, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaiweka mbele ya Babu kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "miwani yako ni nzuri. Macho yangu ndiyo yaliyodanganya. Nilisema naona, na sioni. Sindano siioni. Jana nimefunga mkono wa shati la mtoto wa watu. Naomba unijaribu tena, kwa kazi yangu."

Kisha sauti ya muuza dagaa ikatoka nyuma: "Na mimi nimemwamkia mbuzi!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watu wakaanza kuvua miwani, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na ungamo lake. Mezani tukaweka sindano na sahani ya mchele kwa wanaotaka kuona karibu, na kwa wanaotaka kuona mbali kijana wa Butimba akawaambia watazame ziwani, wataje wanachoona. Miwani ikaanza kubadilishwa mkono kwa mkono, Babu akizunguka katikati, kofia imekaa upande.

Mama alijaribu ya jirani, ikawa kali mno. Akajaribu ya pili, ya tatu. Kila mara sindano ilikwenda mbali, ikaja karibu, ikakosa. Ya tano ilipokosa nilimwona anaanza kukunja uzi kidoleni, namna anavyoukunja akimaliza kazi ya siku.

"Bado mlinzi," nikasema.

Mlinzi wa kanisa, mzee wa Nansio ng'ambo ya ziwa, alikuwa amebaki getini kwake, miwani nyeusi nene puani, akilinda ukungu. Tulimwendea. Akaivua kwa shingo upande. "Chukueni, lakini nisibaki mtupu." Mama akampa ile ya kahawia. Mzee akaivaa, akageukia ziwa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Ee," akasema. "Kumbe meli yetu ya Nansio bado ni nyeupe."

Nilipogeuka mama alikuwa amevaa ile nyeusi. Ilikuwa kubwa kwa uso wake, mguu mmoja umefungwa waya. Hakulamba uzi. Aliupeleka moja kwa moja, ukapita. Akauchomoa, akautia tena. Akauchomoa, akautia mara ya tatu, kama mtoto aliyejifunza mluzi.

Jumamosi fundi wa stendi alikuja na mkokoteni kabisa. Mama alikuwa anamalizia sare. Hakusimama.

"Karibu, mwanangu. Cherehani haiuzwi."

"Mama, si tuliongea?"

"Tuliongea. Hebu sogea hapa. Fundi mzima unatembeaje na kifungo cha pili kimening'inia? Vua shati." Kijana alivua, akakaa kwenye mkokoteni wake kifua wazi, akasubiri mpaka mama alipomaliza.

Wageni waliondoka Jumatatu. Babu alitupungia kofia dirishani mwa gari, jua likizama, akipiga kelele za salamu ya asubuhi, na mtaa mzima ukaitikia.

Baada ya hapo nilipata nafasi nyingi ya kuota bila kukatizwa, na sikujua nifanye nayo nini. Kama wiki mbili zilipita. Siku moja nikiwa uani nikasikia ile sauti ya kuitia kuku: "Njoo unitilie uzi."

Nikaingia. Miwani ilikuwa puani mwake, waya unang'aa.

"Mama, si unaona?"

"Naona," akasema, akininyooshea sindano. "Njoo."