Ndege wa Mialo Mitatu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Shinyanga, Bwana Mkaguzi wa ndege waharibifu aliniuliza kama ndege nawajua. Nikamjibu, kwa kiburi cha msichana aliyetoka chuoni juzi, kwamba nilianza kuamia ndege kwenye mtama wa baba kabla sijaanza shule. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Binti, kuamia si kuhesabu. Anayeamia anataka ndege waondoke. Anayehesabu anataka watulie. Ukichanganya hayo mawili utatuletea balaa."

Nilimwona mzee msumbufu tu. Laiti ningelishika neno lake.

Vijana wa leo wanadhani kazi yetu ilikuwa kutembea na darubini na kupunga upepo. Thubutu! Na hatukuhesabu mmoja mmoja. Unachagua ndege kumi kwenye kundi, unawaweka machoni kama kipimo, kisha unalipimia kundi zima, na kwa kila kumi unabonyeza kihesabio, kidude cha chuma kinachokaa kiganjani. Kwa kwelea kwelea, ambao kundi lao hufunika jaruba zima la mpunga, kipimo ni mia, wakati mwingine elfu. Nilifanya hivyo miaka mingi, Shinyanga na Kahama, mpaka nikaamini kwamba hakuna wa kunifundisha. Hapo ndipo nilipohamishiwa Nkome.

Nkome ni mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki ziwani, na enzi zangu tulihesabu ndege hapo na kwenye mialo miwili midogo ya jirani. Kazi kubwa ilikuwa mwezi wa tatu. Huko kaskazini mwa dunia baridi ndiyo inaanza kuachia, na ndege waliokuja kwetu kuikimbia hujikusanya tayari kurudi: shakwe mchangani, na mbayuwayu kwa maelfu kwenye matete ya ghuba, wanakolala na kunenepa kabla ya safari. Yangeyange wa hapa hapa hulala humo pia. Jioni ya kwanza ya kuwaona mbayuwayu wamejaa kwenye matete ilinifurahisha kila mwaka, sitaficha.

Mwaka mmoja wanawake waanikao dagaa walilalamika kwamba shakwe na yangeyange wanawamaliza. Afisa Mfawidhi wa kituo chetu, mtu wa haraka na sauti nzito, akaniagiza idadi yao. Nikapanda baiskeli asubuhi, nikahesabu mwalo wa kwanza, nikaenda wa pili, nikamalizia wa tatu, nikajumlisha. Jumla ilikuwa ya kutisha. Afisa Mfawidhi aliituma juu siku hiyo hiyo pamoja na pendekezo lake: matete ya ghuba yachomwe, ndege wakose pa kulala. Siku ya kuchoma ikapangwa, wiki moja mbele.

Aliyenifumbua macho ni Mama Kulwa, mwanikaji wa mwalo wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nasikia mnachoma matete."

"Ndege ni wengi mno, mama. Nimewahesabu mwenyewe."

"Uliwahesabu vipi?"

Nikamweleza. Aliendelea kugeuza dagaa wake, halafu akanitazama kwa huruma.

"Bebe, jamani! Wakifukuzwa kule mwanzo wanakuja kwangu. Mimi nikiwafukuza wanakwenda kwa shemeji yangu kule mwisho. Kila asubuhi ndiyo hivyo. Yule shakwe wa mguu mmoja nimemtukana sasa hivi, nenda utamkuta kwa shemeji. Umehesabu ndege wale wale mara tatu! Na hayo matete ndimo samaki wanamozalia. Mkiyachoma, mwakani nitaanika nini?"

Nilikwenda. Shakwe wa mguu mmoja alikuwa pale, anameza dagaa bila wasiwasi. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Mimi niliyekulia kwenye kuamia nilisahau kwamba ndege anayefukuzwa huenda shamba la jirani.

Ofisini kwa Afisa Mfawidhi sikukaa kitini.

"Mkuu, hesabu yangu ina kosa. Naomba niirudie."

"Imeshakwenda juu na sahihi yangu."

"Ndiyo maana nimekuja mapema."

"Unajua watanionaje? Na jina lako la kupandishwa cheo lipo hapa mezani. Nenda nyumbani, mama. Ndege hawasomi ripoti."

"Hawasomi, mkuu, ila wale wanawake watakosa chakula. Nitaandika barua ya kukiri kosa, na itapitia kwako kama taratibu zinavyotaka. Ukiizuia, nitaipeleka mwenyewe."

Nikarudi kwa Mama Kulwa. Alinikusanyia wanawake sita, wawili kwa kila mwalo, nikawafundisha kipimo cha kumi. Vihesabio havikutosha, kwa hiyo kila kumi ilikuwa kokoto moja ndani ya ndoo. Kisha nikawaomba jambo gumu: asubuhi moja, mialo yote mitatu kwa saa ile ile, asiwepo wa kufukuza ndege hata mmoja. Ndege watulie, wao wahesabu. Walikubali kwa shingo upande. Mama Kulwa alikalia mikono yake akiwaona ndege wanamlia mali yake, huku akiwalaani kimoyomoyo, midomo inacheza. Kokoto zilipojumlishwa, ndege hawakufika hata theluthi moja ya wale wangu.

Barua ilikuwa na kurasa mbili: wa kwanza kosa langu, wa pili hesabu mpya na majina ya wanawake wale. Afisa Mfawidhi aliigonga muhuri bila kuniangalia usoni.

Barua ya kunihamishia Kharumwa ilifika kabla ya jibu. Bado nilikuwa nafungua mizigo huko, Mama Kulwa aliponipigia simu.

"Hawachomi," alisema. "Wabeja sana, asante mwanangu."

Nikakaa juu ya godoro lililofungwa kamba, nikalia.

Jina langu lilitolewa kwenye orodha ya vyeo na halikurudi tena mpaka nimestaafu. Nisingekuwa mkweli nikisema halikuniuma. Liliniuma miaka. Ninyi mnaoingia kazini leo mtakosea hesabu, maana kila anayehesabu hukosea, na siku hiyo mtaambiwa mwende nyumbani mnyamaze. Msiende. Cheo kile, hata ningekipata, kingekwisha siku niliyorudisha darubini ya serikali. Matete bado yapo.